Yowe Lililotutafuta

Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Makuru pale Natta, msomaji wa wasifu alisema marehemu hakuwahi kuogopa kitu maishani mwake. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mama mmoja akasema "kweli kabisa", na mimi niliyekuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikakasirika hadi jirani yangu akaniuliza kama naumwa. Najua wasifu ndivyo ulivyo, marehemu wote huwa wacheshi, wakarimu na majasiri. Lakini Makuru aliogopa. Nililala naye chumba kimoja mwaka mzima, nikamsikia akisaga meno usingizini, na mchana kweupe nikayaona magoti yake yakigongana. Mtu aliyefanya aliyoyafanya yeye, ukisema hakuogopa, umemnyang'anya nusu ya sifa yake. Nilitaka kusimama niseme hivyo. Sikusimama, kwa sababu mimi ni Mkurya, na Mkurya akisimama ghafla katikati ya Wanata lazima atatokea wa kwenda kuangalia zizi lake. Kwa hiyo nayasema hapa, nikiwa nimekaa.

Nilifika Natta nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sikumwonyesha mtu. Kwetu Kewanja vijana wa rika langu walikuwa wakiokota mawe ya dhahabu, na mimi, nisijifanye, niliogopa mashimo, niliogopa kukimbizwa na walinzi wa mgodi, niliogopa hata ule ugomvi wa kugawana mawe. Makuru, tuliyesoma naye bweni, akanipigia simu, akaniita kijana kwa Kikurya chetu. "Njoo huku, mura. Kuna kikundi cha kujitolea, tunalinda wanyama na msitu wa mtoni. Hakuna mshahara, lakini watu wa kambi za watalii wanatuona. Wakitaka vijana watatuchukua sisi." Kichwani nikaona kofia, darubini na tembo kwa mbali. Nikapakia nguo, nikapitia Kisaka, nikashuka Natta nimevaa buti mpya za mpira nilizonunua kwa ajili ya utalii huo. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kung'oa nyaya. Watu walikuwa wakichoma matairi ya zamani, wanatoa waya wa ndani, wanaufanya kitanzi na kuufunga kwenye mti, palepale ambapo mnyama hana njia nyingine ila kupita katikati ya vichaka. Sisi tulitembea kwa mstari, tukiinama, tukitafuta nyaya hizo na kuzitia kwenye viroba. Siku nyingine tulipanda miche kandokando ya mto na kuwafukuza wachoma mkaa, na hiyo ndiyo tuliyoihadithia kwa sauti. Habari ya nyaya tuliinyamazia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kila waya una mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo asubuhi mtakutana dukani, utampa shikamoo, naye ataitikia marahaba huku akikuangalia miguu.

Tulilala kwa mama yake Makuru, chumba ambacho nusu yake kilikuwa cha magunia ya mahindi. Nyumba ilikuwa ya bati, haina dari, na kuta za ndani ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, basi neno lililosemwa sebuleni lilipanda, likapita juu ya ukuta na kukuangukia kitandani. Leo nyumba yangu ina dari ya mbao safi na bado nikiwa na wageni sebuleni najikuta nasikiliza juu. Mama Makuru alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyenipokea kwa kuwauliza wanawe kwa sauti kila asubuhi, "Hebu angalieni, ng'ombe wote wapo? Mgeni ameshaamka." Wote walicheka, na mimi nilicheka, kwani utani wa Wakurya na wizi wa mifugo nilikuwa nimeuzoea tangu shuleni. Kwenye meza yake nililishwa ugali wa mtama na mihogo, mlenda, maziwa ya mgando, na siku nyingine kipande kigumu cheusi kilichochemshwa muda mrefu hadi kikalainika, chenye harufu ya moshi. Mara ya kwanza niliuliza ni nyama gani. "Ni kimoro," akasema mama bila kuinua macho. "Nyama kavu. Kula." Makuru naye alikuwa anatafuna. Baadaye chumbani aliniambia kwamba ni nyumbu, kwamba analetaga baba mdogo, na kwamba nisiulize tena. "Sasa mchana tunang'oa nyaya, jioni tunakula kilichonaswa?" nikamwuliza. Akajibu, "Ulitaka mama apike nini, viroba?" Na kusema kweli ile nyama ilikuwa tamu.

Baba mdogo huyo aliitwa Nyawagamba, mdogo wa marehemu baba yake Makuru. Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, upole wake. Aliingia bila kishindo, akakaa kwenye kigoda kilekile karibu na mlango wa jikoni, na kabla ya kusema jambo alilamba vidole kimojakimoja. Jioni moja nilikuwa kitandani na malaria, Makuru ametumwa dukani, nikamsikia akizungumza na mama. Walizungumza Kinata, ambacho kwa Mkurya ni kama lugha ya ndugu wa mbali, neno moja unalikamata na la pili linakuponyoka. Nilikamata jina la Makuru. Nikakamata "Mkurya". Nikakamata "yowe". Kisha, sijui kwa nini, labda alijua nipo macho, akahamia Kiswahili. "Shemeji, mwambie mwanao. Siku mtu akiwaona huko porini na yule Mkurya, akapiga yowe, mimi sitaweza kuwazuia watu." Mama akauliza, "Nani atapiga?" Akasema, "Sijui. Nasema tu." Halafu akaomba aongezewe mboga.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa kwa nini nilianza kutetemeka, na haikuwa malaria. Kwetu Tarime na kwao Serengeti sheria ya yowe ni moja. Ng'ombe wakiibwa, mtu anapiga yowe. Anayelisikia anaacha jembe, anaacha chakula, anashika upinde au panga na kuelekea lilikotoka, huku naye akilipiga ili liende mbele. Asiyetoka atatozwa faini. Na anayekimbia kuelekea upande mwingine, hata kama ni mgeni anayekwenda zake mnadani, huyo ndiye mwizi, hakuna atakayemwuliza kitu mpaka awe ameshalala chini. Mimi mwenyewe nimeitikia mayowe tangu nilipoweza kubeba fimbo. Nilijua jinsi miguu inavyopata nguvu, jinsi watu wapole, wazee wa kanisa, wanavyobadilika sura. Nilijua pia kwamba baadaye hakuna anayeulizwa, kwa kuwa waliofanya ni wote. Nikiwa nimelala pale kwenye harufu ya mahindi nikaelewa kwamba mtu akitaka kuniua hahitaji hata kunigusa. Anahitaji mdomo tu.

Nilimweleza Makuru. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. "Baba mdogo hawezi," akasema. Kisha akasema, "Anaweza." Nikamwambia mimi narudi Kewanja kesho, afadhali mashimo. Hakunikataza. Alisema tu, "Mimi pia naogopa, Mwita. Nikiinama kwenye waya nasikia mgongo wangu wote uko wazi." Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini haachi? Akanieleza habari ya twiga aliyemkuta bado ana uhai, waya umeshaingia shingoni mpaka ndani, na nzi. Hakueleza vizuri, alikuwa si msemaji. Alimalizia kwa kusema, "Nikibaki nyumbani namwona." Sikuondoka kesho yake, wala kesho kutwa. Watu huniuliza kilichonibakiza na ningependa kusema ni wanyama. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwacha mwenzangu aogope peke yake, na nilipokuwa peke yangu niliogopa zaidi.

Basi tukaendelea, na hofu ikawa kama mtu wa nyumba ile. Nilikula nayo. Nilijifunza kutambua kikohozi cha kila jirani. Nikiitwa jina kwa nyuma nilitafuta kwanza njia ya kutokea ndipo nikageuka, na mama Makuru, ambaye naamini alijua yote, akaacha ule utani wa ng'ombe. Hilo nalo liliniogopesha. Ulipokuwa utani nilikuwa salama.

Siku yenyewe ilikuja wakati wa kiangazi, majani yamekauka, alasiri moja ya jua kali. Wenzetu wa kikundi walikuwa ng'ambo ya mto, mimi na Makuru tulikuwa upande wa kijiji, chini ya mlima, tumeshajaza kiroba kimoja. Tulimsikia kabla ya kumwona, akipumua kwa nguvu na kupiga kwato. Alikuwa punda milia jike, mguu wa mbele umo kwenye kitanzi, na kwa kuzunguka mti amejifunga mpaka amebaki na nafasi ndogo tu ya kusimama. Waya ulikuwa umekata ngozi. Utaratibu wetu ulikuwa kuwapigia simu askari wa wanyamapori waje na dawa ya kumlaza, lakini pale bondeni simu haikushika, na tulijua mpaka mmoja wetu apande mlimani na arudi, mguu utakuwa umekwisha. Makuru alikuwa anatoa koleo mfukoni ndipo tukasikia yowe.

Lilitoka mlimani, juu yetu. Sauti moja, ndefu. Halafu likajibiwa kijijini, halafu kwingine, na mara bonde lote likawa linalia. Sijawahi, kabla wala baada, kuogopa namna ile. Mwili wangu uligeuka wenyewe kuelekea mtoni, kwenye miti, mahali pa kujificha, na nilikuwa nimeshapiga hatua pale Makuru aliponishika shati kwa nyuma. Nikageuka kumwangalia. Suruali yake ilikuwa imelowa. Magoti yalikuwa yanacheza. "Si huko," akasema. "Ukikimbilia huko umekufa. Twende kwao." Akatupa kiroba cha nyaya kichakani, akafungua mdomo na kupiga yowe, na kuanza kukimbia kupanda, kuwaelekea. Nikamfuata. Nikapiga yowe na mimi. Nilikuwa nakimbia kwa nguvu zangu zote kuwafuata watu waliokuwa wanakuja kuniua, nikiwaita waje upesi.

Wa mbele walitupokea bila hata kututazama vizuri. Mtu anayekuja na yowe mdomoni ni mwenzako. "Wako wapi?" akauliza Mzee Mahewa, kamanda wa sungusungu, mtu mzima aliyekimbia kuliko vijana, upinde begani. Makuru akapunga mkono kuelekea mbugani, popote, na wote tukageuka, tukateremka tena, mimi nikiwa katikati yao, mikuki pande zote, tukitafuta wezi. Nilipogeuza shingo nikamwona Nyawagamba akishuka kutoka mlimani peke yake, hatua za taratibu. Alituona. Alituona tumo ndani ya kundi alilolitengeneza mwenyewe, akasimama kidogo, kisha akaja akajiunga, akakimbia karibu na mimi kiasi cha kunisikia nikihema. Nami nilimwamkia! Naapa, nilimwambia, "Shikamoo, baba mdogo," tukiwa tunakimbia, naye akaitikia.

Kijana mmoja mbele akapaza sauti kwamba ameona nyayo. Watu wakakusanyika, wakainama. "Mwizi amevaa buti," akasema. Wanaume wote pale walivaa katambuga za tairi. Nilijaribu kurudi nyuma, kwenye majani, nikasimama mguu mmoja juu ya mwingine kama mtoto anayetaka haja. Nyayo zilifuatwa, na kwa kuwa zilikuwa zangu zilitupeleka moja kwa moja mpaka kwa punda milia. Alikuwa bado anahangaika. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mwizi, ila mnyama na mti na udongo uliojaa alama za buti. Mzee Mahewa alizunguka mti mara moja, akaja akasimama mbele yangu. "Mkurya," akasema, si kwa ukali, "inua mguu."

Niliinua. Nakumbuka kusimama hivyo, unyayo juu, mikono imeshika hewa, na sauti ya mtu mmoja nyuma yangu akivuta mshale. Nilitaka kusema jambo lolote, na Kiswahili chote kilikuwa kimenitoka, kilichobaki ni Kikurya, lugha ambayo pale ingenimaliza haraka zaidi. Ndipo Makuru akasema, "Yowe nilipiga mimi."

Wote wakamgeukia. Suruali yake bado mbichi, kila mtu aliiona. "Nilipiga mimi, mzee. Tulimkuta huyu kwenye waya, tukakosa nguvu ya kumtoa, nikawaita." Zogo likazuka. Mmoja akasema amemwacha mgonjwa ndani, mwingine amemwaga pombe yake. Mzee Mahewa akanyamazisha. "Yowe ni la ng'ombe na watu. Huyu ni wa nani?" Makuru akasema, "Ni wa hapa. Anakunywa maji tunayokunywa. Angekuwa ndama usingeuliza." "Ndama ana mwenyewe." "Na waya una mwenyewe, mzee." Mzee akamwangalia muda mrefu. "Yowe la kwanza lilitoka mlimani," akasema. "Wewe ulikuwa huku bondeni." "Nilikuwa mlimani," akasema Makuru. Alikuwa mwongo mbovu, alipepesa macho. Nilimtazama Nyawagamba. Alikuwa ameshika mkuki wake kwa mikono miwili, akitazama chini, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba na yeye anatetemeka. Neno moja tu la Makuru lingemgeuzia kundi zima, na Makuru hakulisema. Mzee Mahewa akatoa uamuzi kama inavyotakiwa: anayetoa watu bure anawachinjia mbuzi, na Makuru atachinja. "Sasa mtoeni mnyama wenu," akasema, "tuone mlichotuitia."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba wanaume waliotoka nyumbani kuja kuua mtu waliweka pinde chini, wakamrukia punda milia, wakamlaza, mmoja akamfunika macho kwa shati, wengine wakalala juu ya kiuno na shingo, wakitukana na kucheka. Makuru alishika miguu ya nyuma. Mimi nikapewa koleo. Koleo liliteleza mara ya kwanza, nikaliokota, likateleza tena, na mnyama akajitupa, ukwato ukapita karibu na sikio langu nikasikia upepo wake. "Utakufa, mtoto wewe," akasema mtu, akanisukuma pembeni kwa bega. Alikuwa Nyawagamba. Hakuugusa mguu uliofungwa. Alizunguka upande wa pili wa mti, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya majani bila kuangalia, akazungusha mara moja. Waya wote ukalegea. Akautoa mguuni taratibu kama mtu anayemvua mtoto kiatu, akasimama na kitanzi mkononi.

Watu wakamwachia mnyama, akainuka, akachechemea hatua chache kisha akaondoka mbio. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanautazama ule mkono wa Nyawagamba ambao haukutafuta. Nilisubiri kelele na hazikuja. Wale walikuwa ndugu zake na jirani zake, na sidhani palikuwa na nyumba hata moja kati ya zile ambayo haikuwahi kupika kimoro. Mzee Mahewa aliokota upinde wake, akaufuta vumbi, na alipompita Nyawagamba akasema, kana kwamba anazungumzia mvua, "Mbuzi atatoka kwako." Nyawagamba hakuuliza kwa nini.

Tulirudi kijijini kwa mstari mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, miba huku na huku. Makuru alikwenda mbele na wazee, wakimtania habari ya suruali, naye akicheka kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mimi nilibaki nyuma. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mashamba nikamkuta Nyawagamba amesimama kando ya njia, mkuki mkononi, amewaacha wengine wapite. Tulikuwa wawili tu. Akasogea, akanipa nafasi. "Tangulia," akasema.

Ningeweza kukataa, ningeweza kumwita Makuru. Nilipita mbele yake, nikatembea mbele ya mkuki ule mpaka uani kwa mama Makuru, mgongo wote ukinisisimka, na sikugeuka.